Mwalimu wa Vincent

Mwaka 1890 walikufa wachoraji wawili waliowahi kukutana katika chumba kimoja. Wa kwanza alikufa tarehe 29 Julai, katika chumba cha juu cha hoteli ndogo ya kijijini, huko Auvers, si mbali na Paris. Alikuwa na miaka 37. Wa pili alikufa tarehe 23 Oktoba mjini Antwerp, Ubelgiji, akiwa na miaka 65, akiwa bado mkurugenzi wa Akademia ya Sanaa ya mji huo. Siku zile ungemwuliza mtu wa Antwerp nani kati ya hao wawili ni mchoraji mkubwa, angekucheka kwa swali lenyewe. Ukiuliza leo utachekwa vilevile, ila kicheko kimegeuka upande. Wa kwanza ni Vincent van Gogh. Wa pili ni Charles Verlat, na naamini wengi wenu jina hili ndiyo kwanza mnalisikia.

Mimi leo nataka kumzungumzia huyu wa pili.

Najua tunavyopenda kuisimulia habari ya Vincent, sisi tunaoandika. Fundi aliyekataliwa na walimu wake! Kila kijana aliyerudishiwa mswada wake na mhariri hujitazama kwenye kioo jioni ile na kumwona Vincent, sikio na vyote. Hadithi hii tamu, na inaliwaza. Nami nimeshaliwazwa nayo, nisijifanye malaika. Lakini kadiri nilivyozidi kusoma juu ya miezi mitatu aliyokaa Antwerp, ndivyo nilivyozidi kujiuliza: na yule mwalimu je? Alikuwa mjinga? Alikuwa na husuda? Au tumemfanya kuwa kinyago cha kupigia mawe kwa sababu tu hadithi yetu inahitaji mtu wa kupigwa mawe?

Basi tuanze naye mwenyewe. Verlat alizaliwa Antwerp mwezi Novemba 1824. Akasoma katika Akademia ya hapo hapo, kwa Nicaise de Keyser, mmoja wa wale mabwana waliochora mapigano na wafalme kwenye turubai kubwa kama ukuta wa nyumba. Na Verlat naye akaanza hivyo hivyo: vita vya msalaba, mashujaa, farasi wamesimama kwa miguu ya nyuma. Ubelgiji ilikuwa nchi changa, imepata uhuru wake mwaka 1830, na nchi changa hupenda sana picha za mashujaa. Hilo nadhani halihitaji maelezo mengi kwa wasomaji wa huku kwetu.

Lakini kijana hakutulia. Mnamo mwaka 1850 akaondoka kwenda Paris, akakaa huko karibu miaka 18. Hebu pima mwenyewe: miaka 18 ni zaidi ya muda wote Vincent alioshika brashi. Katika Paris ile mambo yalikuwa yanapinduka. Courbet alikuwa akichora wavunja mawe na watu wa kijijini kwa ukubwa uleule ambao wenzake waliwawekea wafalme, na watu wakikasirika. Verlat akayaona yote hayo kwa macho yake. Mkono wake ukabadilika, ukawa mzito zaidi, wa kuamini kile jicho linachokiona. Akageukia wanyama: mbwa, kondoo, simba, na hasa nyani. Alichora nyani wakifanya mambo ya binadamu, mzaha wa zamani sana katika sanaa ya Waflemi, na picha hizo zikampa jina na fedha. Waungwana walizinunua wakicheka, bila shaka kila mmoja akidhani nyani yule ni jirani yake.

Mwaka 1869 akaitwa Weimar, Ujerumani, akafundishe katika chuo cha sanaa cha mtawala wa huko. Weimar hiyo mwiweke akilini, tutairudia. Mwaka 1875 akaenda Palestina, akakaa huko karibu miaka miwili, kwa sababu alichoka kuona picha za Biblia ambamo Yerusalemu inafanana na mtaa wa Ulaya na mitume wamevaa mashuka. Alitaka jua lenyewe, vumbi lenyewe, sura za watu wa pale. Moja ya picha alizotoka nazo inaitwa Vox Populi, yaani sauti ya umma: ule umati unaopiga kelele afunguliwe Baraba. Mtu anayefunga safari ya namna hiyo akiwa na miaka hamsini, jina keshalipata na riziki haina taabu, huyo si mtu aliyelala. Mwaka 1877 alirudi kwao kuwa mwalimu wa kupaka rangi katika Akademia, na mwaka 1885 akawa mkurugenzi.

Mwaka 1885 haukuwa mwaka wa kawaida mjini Antwerp. Kuanzia Mei hadi Novemba yalifanyika maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka huohuo Mfalme Leopold wa Pili alijitwalia Kongo kuwa mali yake binafsi, na katika maonyesho yale wakaletwa watu kumi na wawili kutoka Kongo, wakawekwa watazamwe na wateja waliolipa kiingilio. Miaka michache baadaye bandari ile ikawa soko kubwa la pembe za ndovu, na nyingi zilitoka mashariki ya Kongo, katika nchi ambako misafara ya Waswahili ilikuwa imefika kabla ya Wabelgiji. Nalisema hili kwa sababu ukisoma vitabu vya sanaa utadhani Antwerp ilikuwa na makanisa na picha za Rubens tu. Fedha ya mji ilikuwa ikiingia kwa mlango wa bandari, na watoto wa wenye fedha hiyo nao walipelekwa kusoma.

Maonyesho yalikuwa yamefungwa wakati Vincent anaingia mjini, mwishoni mwa Novemba 1885. Alitoka kijijini Nuenen, Uholanzi, baada ya kumaliza picha yake ya wala viazi. Alikuwa na miaka 32. Akapanga chumba juu ya duka la muuza rangi, akabandika ukutani picha za Kijapani za karatasi, akawa anaishi kwa fedha za mdogo wake Theo. Njaa ilikuwa njaa kweli. Fedha ikifika, alilipa kwanza watu wa kukaa ili awachore, mkate ukafuata. Mwezi Februari alimwandikia Theo kwamba meno yake yapatayo kumi ama yameng'oka au yako njiani kung'oka.

Sasa, kwa nini mtu kama huyu, asiyetaka kuamrishwa, akaenda kujiandikisha shule? Jibu ni rahisi na ni la kifedha. Masomo ya Akademia hayakuwa ya kulipia, na ndani yake kulikuwa na watu wanaokaa kuchorwa, moto wa kuota, na wenzio wa kuwatazama wanavyofanya kazi. Msanii maskini anahitaji chumba chenye joto kuliko anavyohitaji nadharia. Basi Januari 1886 akajiandikisha: mchana darasa la Verlat la kupaka rangi, jioni darasa la kuchora, na usiku akajiunga na vikundi viwili vya wachoraji waliochangishana kumlipa mtu wa kuchora. Asubuhi mpaka karibu saa sita za usiku. Wavivu waliojificha nyuma ya jina la Vincent wasome sentensi hiyo mara mbili.

Na hapa ndipo kile kisa maarufu kinapoingia. Kimesimuliwa na Victor Hageman, aliyekuwa mwanafunzi kijana mle darasani na ambaye baadaye alikuwa mchoraji. Kwa kumbukumbu yake, darasa lilikuwa na watu wapatao 60, wageni wengi. Siku moja akaingia mtu mkavu, amevaa blauzi ya buluu ya wauza ng'ombe wa Kiflemi na kofia ya manyoya, na kibao chake cha kuchanganyia rangi ni ubao uliong'olewa kwenye sanduku. Mbele ya darasa walikuwa wamesimamishwa wanamieleka wawili. Yule mtu akaanza kupaka kwa homa, rangi nene, nyingi, mpaka zikawa zinadondoka sakafuni. Verlat akapita, akasimama, akashangaa. Akamwuliza yeye ni nani. Mtu akajitaja. Verlat akasema kwa maneno makali kwamba uozo kama ule yeye hausahihishi, aende haraka darasa la kuchora. Na Vincent, mtu tuliyezoea kumfikiria kama moto, akakusanya vitu vyake akaenda bila kelele.

Kisa kizuri mno. Ndiyo maana nakitazama kwa jicho moja. Hageman alikisimulia miaka mingi baadaye, Vincent akiwa ameshakuwa Vincent, na kumbukumbu ya mtu hubadilika ikishajua nani alishinda. Ukisoma barua za Vincent mwenyewe za majuma hayo hukuti vita na Verlat. Unakuta mtu anayefurahi kuwatazama wengine wanavyopaka rangi, anayelalamika kwamba michoro mingi iliyomzunguka ni mibaya tangu mzizi, na ambaye ugomvi wake hasa ni na mwalimu mwingine, Eugène Siberdt, wa darasa la kuchora sanamu za plasta.

Ugomvi wenyewe ulihusu nini? Ulihusu mstari. Siberdt alitaka uanze na mstari wa ukingo: uzungushe umbo lote, ulipime, lisimame sawasawa, kisha ndipo utie kivuli. Vincent alitaka kuanza katikati, na uzito, na kivuli, umbo litoke ndani kuja nje. Wale wenzetu wa vina na mizani wananielewa: kuna mwalimu anayekuambia hesabu silabi kwanza, utapata cha kusema baadaye, na kuna mwanafunzi mwenye cha kusema kinachombubujika, mizani hana habari nayo. Wote wawili wana hoja. Taabu huanza pale kila mmoja anapodhani mwenzake ni adui wa ushairi.

Siku moja sanamu ya kuchorwa ilikuwa Venus de Milo, mungu wa kike wa Wagiriki, mwili laini wa marumaru. Vincent akamchora na nyonga pana na makalio mazito, mama wa Kiflemi kabisa, aliyezaa na kuteka maji. Inasemekana Siberdt aliisahihisha kwa penseli kwa nguvu hadi karatasi ikachanika, na Vincent akamfokea kwamba hajui mwanamke alivyo. Hii nayo imetoka kwa mashahidi wa baadaye, lakini kiini chake kinakubaliana na barua. Mwenyewe alimwandikia Theo kwamba mwalimu yule anatafuta ugomvi ili amwondoe.

Basi katikati ya yote hayo Vincent alifanya jambo ambalo wasimuliaji wetu hulipita haraka. Alikwenda kuomba ushauri. Alizungumza na Verlat, na pia na François Vinck, mwalimu wa kuchora wa jioni. Wote wawili wakamwambia jambo moja: chora tu, kwa angalau mwaka mzima, plasta na miili ya watu wasiovaa nguo, kisha utarudi kwenye kazi zako ukiwa mtu mwingine. Hakukasirika. Alilipima, akamwandikia Theo kwa makini, akaona kwamba lina maana.

Mimi hapo nilisimama nikaisoma tena. Huyu si mwasi niliyefundishwa kijiweni.

Majuma machache baadaye, mwishoni mwa Februari 1886, akachoka na njaa akapanda treni kwenda Paris kwa Theo, bila hata kungoja kualikwa. Mwisho wa Machi walimu wa Antwerp wakaketi kutoa matokeo ya mashindano ya kuchora, na uamuzi juu ya van Gogh ukaandikwa: arudishwe darasa la wanaoanza. Watu hulinukuu jambo hili wakicheka sana. Lakini tazama alichokuwa akifanya mwenyewe huko Paris. Alijiunga na studio ya mwalimu mwingine, Fernand Cormon, akakaa chini akachora nini? Sanamu za plasta na miili ya watu. Ilikuwa kazi ileile aliyopewa na Verlat na Vinck, ameibeba kutoka Antwerp kama mwanafunzi anayebeba kazi ya nyumbani. Haikuchukua mwaka mzima, sawa. Ila aliifanya.

Sisemi Verlat alikuwa sahihi. Nikimpa haki yake, kile alichokiona Januari 1886 hakikuwa alizeti wala anga la usiku lenye nyota. Hizo zilikuja 1888 na 1889, katika jua la kusini ambalo Vincent hakuwa amelijua bado. Alichokiona ni mtu mzima aliyeanza uchoraji kwa dhati mwaka 1880 tu, anapaka rangi nene za kahawia kwa haraka. Mwalimu yeyote mwaminifu angemwambia punguza kasi. Kosa la Verlat, kama kisa cha Hageman ni cha kweli, mimi naliona mahali pengine: katika kusema kwamba hii siisahihishi. Kuikosoa kazi ya mwanafunzi ni ualimu, hata ukikosea. Kukataa kuigusa si ualimu. Na lilitoka kwa mtu ambaye kila alichojua cha maana alikipata kwa kuondoka, Paris, Weimar, Yerusalemu. Angepaswa kumtambua msafiri mwenzake alipoingia mlangoni na ubao wa sanduku mkononi.

Kutoka majira hayo kuna picha moja ya Vincent, sasa iko katika jumba lake la makumbusho Amsterdam: kichwa cha kiunzi cha mifupa, na katikati ya meno sigara inayowaka. Viunzi vya mifupa vilikuwa vifaa vya kawaida vya kufundishia maungo ya mwili. Ni utani wa mwanafunzi wa dawati la nyuma. Lakini litazame taya lile, shingo ile, namna mifupa ilivyokaa mahali pake. Utani umechorwa na mtu aliyekuwa akisikiliza somo.

Sasa niwatoe kidogo kwa Vincent, maana chumba kile hakikuwa na mwanafunzi mmoja. Miaka mitatu kabla yake alipita hapo kijana wa Ireland, Roderic O'Conor. Naye alisoma kwa Verlat, akapita Paris, akafika kijiji cha Pont-Aven, akawa rafiki wa Gauguin. Ukizitazama picha zake za miaka ya 1890, zile za mistari minene ya rangi nyekundu na kijani inayokimbia sambamba, unaona wazi nani alikuwa akimfikiria. Mwanafunzi wa Verlat akipaka kwa mkono wa Vincent!

Na alipita hapo Mflemi mmoja wa Antwerp, Henry van de Velde, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Huyu baadaye aliacha uchoraji, akaingia kwenye ujenzi wa nyumba na utengenezaji wa samani. Mwaka 1902 alikwenda Weimar, mji uleule alikofundisha mwalimu wake. Huko akaanzisha shule ya sanaa na ufundi na kuichorea majengo, na ni katika majengo hayo ambamo mwaka 1919 ilizaliwa Bauhaus, shule iliyobadilisha kiti unachokalia na labda umbo la nyumba unamoishi. Verlat hakuwahi kuota kitu cha namna hiyo, na pengine angekichukia. Walimu hawachagui kitakachotoka vyumbani mwao.

Mjini Antwerp leo kuna mtaa unaoitwa Verlatstraat. Watu wanaegesha magari.

Lakini kuna jambo la mwisho, na hili ni letu sisi wa majarida madogo. Mwaka 1893, miaka mitatu baada ya vifo vile viwili, vijana wachache Wabelgiji wakiongozwa na August Vermeylen walianzisha jarida liitwalo Van Nu en Straks, maana yake ni kama kusema la sasa na la hivi punde. Waliandika kwa Kiflemi katika nchi ambayo wakubwa wake waliongea Kifaransa, na wasomi wengi waliona hiyo ni lugha ya wakulima na makuli wa bandarini. Nakala zilikuwa chache, wasomaji wachache, fedha ya tabu. Katika mwaka wao huohuo wa kwanza walitoa toleo maalumu kwa ajili ya mchoraji Mholanzi ambaye watu wengi walikuwa hawajamsikia, wakachapa vipande vya barua zake na michoro yake. Hata barua zenyewe zilikuwa bado hazijatoka kama kitabu.

Aliyepanga kurasa za jarida lile, aliyelichorea mapambo na kuchagua herufi zake, alikuwa Henry van de Velde, yule aliyefundishwa kushika brashi na Charles Verlat.